Kidude cha OBD2 cha bluetooth kwenye dizeli inayosumbua kuwaka asubuhi na haivuti resi za chini, haya ndo maoni yangu

Wakuu, naomba niongelee kile kidude kidogo cha OBD2 cha bluetooth, kile unachochomeka chini ya usukani halafu unasoma gari kwenye simu. Sitakiongelea kijumla maana maelezo ya kijumla yamejaa kila kona, naongea na mwenye dizeli tu, tena dizeli yenye magonjwa mawili yanayokuja pamoja: asubuhi unapiga stata mpaka unaionea huruma betri ndo iwake, ikiwaka inatetemeka na kutoa moshi mweupe, halafu ukiingia barabarani chini ya resi 2000 (mizunguko ya injini kwa dakika) haivuti, unakanyaga mafuta na gari inajivuta tu, ikishavuka hapo inaamka na kwenda vizuri. Yangu ni komon reli (pampu inajaza mafuta ya presha kubwa kwenye bomba moja, reli, linalolisha nozeli zote), lita 2.5, ina tabo (turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini kwa nguvu ya moshi), na ilikuwa na huo ugonjwa wote.

Jibu la haraka kwa asiye na muda: kinunue, lakini usikinunue kwa ajili ya kusoma kodi za makosa (code, zile alama ambazo kompyuta ya gari inaandika ikiona tatizo). Kinunue kwa ajili ya namba zinazotembea gari ikiwa inafanya kazi, hasa ile asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa.

Naanza na hizo kodi maana ndo kinachowavutia wengi halafu ndo kinachowavunja moyo. Unachomeka, unabonyeza, simu inasema hamna kosa. Taa ya injini haijawaka pia. Basi mtu anatupa kidude kwenye droo anasema hakina maana. Kiukweli kompyuta ya gari inaandika kosa pale ambapo namba imevuka mpaka iliowekewa na imekaa huko kwa muda fulani, sasa vitu vingi vinavyoleta shida ya kuwaka asubuhi havivuki huo mpaka. Valvu ya EGR (ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) ikibaki wazi kidogo tu, sensa ikidanganya kwa kiasi, nozeli (kinachopulizia mafuta kwenye silinda) ikirudisha mafuta zaidi ya kawaida lakini bado pampu inafidia, hapo kompyuta inakaa kimya. Ukibahatika ukapata kodi, shukuru, imekupunguzia kazi: P0087 ni presha ya reli iko chini, P0299 tabo haitoi presha inayotakiwa, P0671 mpaka P0674 ni hita plagi (vile vijiti vinavyopasha joto silinda ili injini ya baridi iwake) za silinda ya 1 mpaka ya 4, P0401 na P0402 ni mambo ya EGR, P0016 ni kuwa shafti za kranki na kamu hazijakaa sawa na hiyo usiichezee maana inaweza kuwa mnyororo wa taimingi umelegea. Lakini hata ukipata kodi ujue inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. P0087 inaweza kuwa filta, inaweza kuwa hewa inaingia kwenye mpira wa mafuta, inaweza kuwa pampu, valvu ya pampu, nozeli, au sensa yenyewe. Anayebadilisha nozeli kwa sababu ameona P0087 anabahatisha.

Sasa twende kwenye kitu kilichonifanya nikipende.

Kabla hujapiga stata asubuhi, gari imelala usiku kucha, washa swichi tu bila kuwasha injini, fungua kwenye simu joto la maji ya rejeta, joto la hewa inayoingia, na joto la mafuta kama gari yako inatoa. Zote zinatakiwa zikaribiane sana, maana injini nzima imelala kwenye hali ya hewa moja. Kama hewa inasoma digrii 18 na maji yanasoma 55 basi sensa ya maji inadanganya, na hiyo ni sababu tosha ya dizeli kugoma asubuhi, kwa sababu kompyuta inaamini injini ina joto, inapunguza muda wa hita plagi au inaacha kabisa kuziwasha, inapunguza na mafuta ya kuwashia. Kipimo hiki hakihitaji spana wala kushika mafuta. Hapo hapo angalia na presha ya inteki (njia ya hewa inayoingia kwenye injini), ile wanaita MAP, na uilinganishe na presha ya hewa ya nje. Injini ikiwa haijawashwa zinatakiwa kuwa sawa, karibu 100 kPa ukiwa usawa wa bahari, na ukipanda kila mita 1000 inashuka kama 11 hivi. Kama MAP inasoma tofauti kubwa na ya nje, sensa imejaa masizi au imekufa, na hapo kila kitu kingine utakachosoma kuhusu tabo kitakuwa cha uongo. Yangu ilikuwa safi pande zote mbili, maji digrii 16, hewa 17, MAP sawa na nje. Nikafuta sensa hizo kwenye orodha ya washukiwa bila kununua chochote.

Halafu stata. Hapa chagua namba chache tu zionekane, resi, volti na presha ya reli basi, kwa sababu kidude kinauliza gari swali moja moja, ukijaza vitu kumi kwenye skrini kila kimoja kitachelewa na stata inaisha kabla hujaona kitu. Na weka programu irekodi, usitegemee macho.

Dizeli haina cheche, inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na hewa iliyobanwa polepole inapoteza joto kwenye kuta za silinda zilizopoa. Ndo maana mzunguko wa stata ni muhimu sana kwenye dizeli kuliko watu wanavyofikiri. Ukiona stata inazungusha injini kwa resi 200 mpaka 250 uko sawa, ukiona inahangaika kwenye 120 au 130 simama hapo hapo, usiende kwenye nozeli wala hita plagi, nenda kwenye betri, nyaya nene za betri, waya wa bodi (ethi), na stata yenyewe. Volti zikae juu ya 9.6 wakati inazungusha, na betri iliyojaa ikiwa imetulia isome kama 12.6. Kuna dizeli nyingi sana zinabadilishiwa vitu vya gharama wakati tatizo ni waya wa bodi ulioota kutu pale unapofungwa kwenye chesisi.

Presha ya reli sasa, hapa ndo kidude kinalipa. Kompyuta ya komon reli haifungui nozeli mpaka presha ifike kiwango fulani, kwa magari mengi ni bar 200 mpaka 300 hivi. Sasa kidude kinakupa kwa kPa, usichanganyikiwe, bar moja ni kPa 100, kwa hiyo 25,000 kwenye skrini ni bar 250. Ukipiga stata na presha inapanda haraka ndani ya sekunde moja mbili ikafika 250 au 300 lakini gari bado haishiki, mafuta yapo, pampu inafanya kazi, na nozeli hazijafikia hatua ya kuvujisha kiasi cha kuua presha, hangaika na joto na kompresheni. Ukiona presha inatambaa, 60, 90, 140, halafu ndo inafika na gari inawaka, tatizo liko upande wa mafuta, na hapo kuna matawi mawili ambayo kidude hakiwezi kuyatenganisha chenyewe: ama mafuta yamerudi tanki usiku kwa sababu hewa inapenya mahali, ama presha inatengenezwa lakini inavujia ritani (njia ya kurudisha mafuta tanki) kupitia nozeli. La kwanza ni rahisi kulijua. Asubuhi kabla ya stata bonyezabonyeza kwa mkono ile pampu ya juu ya filta mpaka iwe ngumu, halafu piga stata. Ikiwaka mara moja umeshapata jibu, tafuta oringi ya filta, mpira uliopasuka, klipu iliyolegea. Kipande cha mpira unaoonyesha ndani kikiwekwa kwa muda kati ya filta na pampu kitakuonyesha mapovu kwa macho yako, hicho kipande cha mpira kina faida kuliko mashine nyingi za bei kubwa.

La pili linahitaji zile chupa za kupimia ritani, chupa nne zenye vimirija, unachomoa ritani ya kila nozeli unaweka kwenye chupa yake, unaacha injini iungurume dakika chache na unalinganisha. Nozeli inayojaza chupa mara mbili tatu zaidi ya wenzake ndo hiyo. Ila tahadhari, magari yenye nozeli za piezo yana presha kwenye njia ya ritani kwa makusudi, hizo usizifungue ovyo, zina utaratibu wake. Na tahadhari kubwa kuliko zote, kamwe usilegeze bomba la presha kubwa la komon reli injini ikiwa inaunguruma kama tulivyokuwa tunafanya kwenye dizeli za pampu za zamani. Presha ya mle ndani hata sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) ni bar 250 na kuendelea, ukikanyaga inapita 1500 kwenye magari mengi, mafuta yanaingia chini ya ngozi kama sindano na mtu anaweza kupoteza mkono. Nasema hili kwa uzito wote maana bado naona watu wanafanya.

Yangu presha ilikuwa inapanda vizuri tu, ndani ya muda mfupi imefika 280, resi za stata 220, volti 10.4. Hapo hapo nikaacha kufikiria nozeli, na kumbuka kila niliyemuuliza alikuwa ananiambia nozeli, nozeli, zipelekwe zikapimwe. Namba zilizitoa nozeli kwenye kesi kabla sijazigusa, na kwangu mimi hiyo peke yake imeshatosha kukifanya hiki kidude kiwe cha maana. Sifa ya kifaa cha kupimia ni kukwambia nini SI tatizo.

Kwa hiyo mafuta yapo, mzunguko upo, sensa ya joto haidanganyi, na gari bado inawaka kwa taabu na moshi mweupe unaowasha macho. Huo moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yaliyopuliziwa bila kuwaka, tofauti na mvuke wa maji ya rejeta ambao una harufu ya utamu utamu na unapunguza maji kwenye tanki lake. Sasa hapa ndo kidude kikafika mwisho wa uwezo wake na hili lazima niliseme wazi. Kuhusu hita plagi gari yangu haitoi taarifa yoyote. Kuna magari yenye moduli inayoipima kila plagi peke yake, hayo yanaandika kodi kwa silinda, lakini yenye relei (swichi ya umeme) ya kawaida inapeleka umeme tu na haijui umefika wapi. Na ile taa ya hita plagi yenye alama ya kizigizigi kwenye dashibodi isikudanganye, ile inawaka na kuzima kwa muda uliopangwa kufuatana na joto la maji, plagi zote nne zinaweza kuwa zimekufa na taa ikawaka na kuzima vizuri kabisa.

Nikatumia klampu mita, mita inayobana waya na kupima umeme unaopita. Hakikisha unapata inayopima DC, maana nyingi za bei ya chini zinapima AC peke yake na kwenye gari haina kazi. Unabana kwenye waya mnene unaotoka relei kwenda kwenye plagi, mtu anawasha swichi, unasoma. Plagi za kawaida za volti 12 za chuma kila moja inavuta karibu ampia 20 mwanzoni halafu inashuka mpaka 10 au 12 ikishapata moto, kwa hiyo nne zikiwa nzima unategemea kuona 80 hivi kisha inashuka kwenye 40 na kitu. Mimi nilisoma karibu nusu ya hapo. Plagi mbili zimekufa. Ukitaka kujua ni zipi unatoa waya unapima moja moja kwa ohmu, nzima inasoma chini ya ohmu 2, iliyokatika haisomi kabisa. Ila angalia kwanza plagi zako ni za aina gani, kuna magari ya kisasa yanatumia plagi za volti 4.4, 5 au 7, hizo ukiziunganishia betri moja kwa moja kuzijaribu unaziunguza hapo hapo. Na kuzitoa ni shughuli ya subira, injini iwe na joto, upulizie mafuta ya kulegeza kutu, usilazimishe, ikikatikia kwenye silinda hedi umejitafutia kazi nyingine kubwa kuliko ya mwanzo. Usipulizie ile spirei ya kuwashia kwenye gari yenye hita plagi zinazofanya kazi, plagi ya moto ikikutana na huo mvuke inalipuka kwenye inteki.

Plagi mbili zilieleza asubuhi, lakini hazielezi kwa nini gari ya moto haivuti chini ya 2000. Hapa nimeona watu wengi wakikosea, wanapata sababu moja wanafurahi wanaacha. Hita plagi zikishamaliza kazi yake injini ikiwa ya moto hazina habari na nguvu ya gari. Kwa hiyo nikarudi kwenye simu.

Namba ya kuangalia kwenye ugonjwa wa resi za chini ni MAF, yaani gramu za hewa zinazoingia kwa sekunde, na uzuri wake unaweza kukadiria mwenyewe inatakiwa iwe ngapi bila kuomba kitabu kwa mtu. Injini yangu ni lita 2.5, kila mizunguko miwili inavuta lita 2.5 za hewa. Sailensi ni 750, kwa hiyo inavuta mara 375 kwa dakika, ni kama lita 940, na lita moja ya hewa ina uzito wa gramu 1.2 hivi ikiwa usawa wa bahari. Ukigawa kwa sekunde 60 unapata karibu gramu 18 na kitu, ukitoa kidogo kwa sababu silinda haijai asilimia mia, tunategemea 15 mpaka 17 EGR ikiwa imefungwa. EGR ikifunguka namba inashuka sana, inaweza kufika nusu, kwa sababu nafasi ya hewa safi imechukuliwa na moshi uliorudishwa. Hilo ni la kawaida, ndo kazi ya EGR. Kisicho cha kawaida ni kompyuta kusema EGR asilimia 0, kidude kinakuonyesha hiyo amri, na bado MAF inasoma 9. Yangu ilisoma hivyo. Kompyuta inasema nimefunga, hewa inasema hujafunga.

Sasa hapa mtu makini atauliza, si inaweza kuwa sensa ya MAF yenyewe chafu? Swali zuri, na jibu liko kwenye rekodi ya barabarani. Mtu mwingine aendeshe, wewe shika simu, tena sehemu isiyo na magari, gia ya tatu, kutoka resi 1500 kanyaga mpaka chini uende mpaka 3500 na urekodi MAF, MAP na presha ya reli. Sensa chafu mara nyingi inasoma pungufu zaidi hewa ikiwa nyingi, yaani resi za juu. Yangu chini ilikuwa pungufu sana lakini juu ya 2500 ilikuwa inasoma hewa nyingi inayoendana na injini. MAP nayo ilikuwa inachelewa, kwenye 1800 bado iko 120 na kitu wakati ilitakiwa iwe inakaribia 200, halafu ghafla inapanda na kutulia vizuri. Hapo picha imekamilika: valvu ya EGR haifungi vizuri, resi zikiwa za chini moshi ni mchache na tabo inauhitaji wote ili izunguke, sasa sehemu ya huo moshi inapita mlango wa pembeni kurudi kwenye inteki, tabo inanyimwa nguvu na silinda inanyimwa hewa safi kwa wakati mmoja. Resi zikipanda moshi unakuwa mwingi kiasi kwamba kinachopotea hakionekani sana. Na asubuhi hiyo hiyo valvu iliyo wazi ilikuwa inazidishia plagi mbili zilizokufa, maana injini ikishashika tu inaanza kuvuta tena moshi wake mwenyewe badala ya hewa ya kutosha, ndo ile mitetemo.

Kwa mwenye dalili kama hizi lakini namba tofauti: kama MAF ya sailensi iko sawa na MAP ndo inachelewa, tafuta mpira wa intakula (kipoozea hewa ya tabo) uliopasuka, mara nyingi unaacha alama ya oili pale unapovujia, au vijimirija vya vakyumu vinavyoamrisha tabo, ni vidogo na vinapasuka kwenye kona, au vile vijibawa vya ndani ya tabo vimegandishwa na masizi. Kama MAP na MAF zote ziko sawa na presha ya reli ndo inazama ukikanyaga, rudi kwenye filta ya dizeli, halafu valvu ya kupimia mafuta kwenye pampu. Kama namba zote tatu ziko sawa na bado gari nzito, pima kompresheni. Dizeli nzima inatoa kama bar 25 mpaka 35 kutegemea injini, na tofauti kati ya silinda isizidi 4 au 5 hivi.

Nilitoa EGR, ilikuwa na masizi magumu pale inapokalia, nikasafisha mpaka inakaa vizuri, nikaweka plagi mpya zote nne. MAF ya sailensi ikapanda kwenye 15 na nusu, MAP kwenye 1800 ikawa 185, na asubuhi inashika kabla stata haijamaliza hata sekunde mbili. Moshi mweupe umekwisha.

Sasa mapungufu ya kidude, maana haya ni maoni na si tangazo. Vingi vinavyouzwa ni nakala za chipu ya ELM327 ambayo ilitoka kwa kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, na nakala si zote zinajua kila kitu ambacho chipu halisi inajua. Cha kwanza nilichokuwa nacho kilikuwa kinajibu taratibu mno, namba moja kwa sekunde, kwa kupima stata hicho hakifai kabisa kwa sababu stata yote inaisha umeona namba mbili. Ninachotumia sasa kina kasi na hakikatiki. Kukatika ndo kero nyingine, volti zikishuka wakati wa stata vile vya hali ya chini vinazima na kuwaka upya, unapoteza ile rekodi unayoitaka hasa. Kabla ya kununua kama muuzaji anakubali, kijaribu kwenye gari kwa kupiga stata, usikijaribu injini ikiwa imeshawaka.

Simu pia ni muhimu. Vile vya bluetooth ya kawaida vinakubali Android, kwenye iPhone havishiki, huko unahitaji cha wifi au cha bluetooth ya aina ya BLE (Bluetooth Low Energy). Na umri wa gari: Ulaya mfumo huu wa OBD2 ulikuwa wa lazima kwa magari ya petroli 2001, dizeli zikafuata 2003 na 2004, Marekani ulianza 1996, kwa hiyo dizeli ya zamani yenye pampu ya kizamani inaweza kuwa na soketi na isizungumze kitu, na hata ikizungumza presha ya reli haina maana kwako maana hamna reli. Kuna pia magari ambayo yanatoa MAF na resi lakini presha ya reli yameificha kwenye lugha ya mtengenezaji, hapo inabidi programu yenye vifurushi vya aina yako ya gari. Angalia hilo kwenye maelezo ya programu kabla ya kulipia chochote.

Kingine, usikiache kimechomekwa gari ikilala. Pini ya umeme kwenye ile soketi ina umeme wa betri muda wote, kidude kinaendelea kunywa taratibu hata swichi ikiwa imezimwa, na kwa mtu ambaye tayari ana shida ya kuwaka asubuhi kupoteza nguvu ya betri ni kujiongezea mzigo. Kile changu kina kitufe cha kuzimia lakini bado nakichomoa.

Mashine kubwa za gereji zinafanya zaidi, zinaweza kuamrisha EGR ifunguke na kufunga, kuonyesha marekebisho ya kila nozeli na kulinganisha kompresheni kwa kusikiliza kasi ya kila silinda kwenye stata. Ukiwa na fundi mwenye mashine hiyo na anayejua kuisoma, mpelekee rekodi zako za asubuhi maana yeye gari anaipata ikiwa imeshapata moto njiani, dalili zenyewe zimeshajificha. Kama gari yako ni ya komon reli, una simu ya Android na uko tayari kuamka kabla injini haijaguswa, chukua hiki, ongeza klampu mita ya DC na kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Kama unatafuta kitu cha kukuandikia jina la kifaa cha kubadilisha, hiki hakifanyi hivyo, na sijaona kinachofanya.